Boti ya Katonga: niliwaona yavuyavu wa Ziwa Tanganyika

Mimi ni mtoto wa Tanga. Konyeza, yaani yavuyavu wa baharini, yule kiumbe laini kama utelezi anayechoma, alinichoma mguu nikiwa na miaka tisa, na ule mwasho naukumbuka mpaka leo. Mwenye boti aliponiambia ziwa hili nalo lina yavuyavu, nilimwuliza mara mbili. Yavuyavu kwenye maji tunayoyanywa?

Tulitoka Katonga, Kigoma, saa mbili asubuhi, watu wanne, shilingi elfu sitini boti nzima na mafuta yake. Maboya ya kuvaa yalitutosha wote, na injini haikuwashwa mpaka kila mtu amefunga lake. Hapo nampa maksi zote.

Tulipofika mawe yanapoishia na kilindi kinapoanza, akazima injini, akatuambia tuingie taratibu, tusipige maji, tutazame upande wa jua. Dakika kumi hivi sikuona kitu. Mara duara moja, halafu jingine, halafu wakajaa. Kila mmoja ana upana wa sentimita mbili tu, bapa kama kisahani, mwili unapitisha mwanga, na ukingo mzima umezungukwa na nyuzi nyembamba kama unywele. Anajikunja, anajikunjua, anapanda kidogo. Akiacha, anashuka polepole nyuzi zikiwa zimetanda. Nilikinga kiganja, mmoja akapita kati ya vidole vyangu. Sikuhisi lolote! Nyuzi zile ni za kunasia vijidudu vya majini, ngozi yetu haziiwezi.

Mwenye boti hakutusimulia historia yao, na inafaa aijue, wageni watauliza. Mjerumani Richard Böhm aliwaona ziwani humu mwaka 1883, na mwaka 1893 wakapewa jina la kitaalamu, Limnocnida tanganyicae. Wapo wataalamu wa wakati ule waliodhani ziwa liliwahi kuungana na bahari, kwa sababu ya viumbe kama hawa. Fikra hiyo iliachwa baadaye.

Kilichoniudhi ni miwani ya kupigia mbizi. Kati ya minne, miwili inavuja puani, mpira umechakaa. Dada mmoja alishinda akikamua maji badala ya kutazama, mpaka nikamwazima yangu. Kwa bei ile si haki. Nilimweleza mwenye boti, akakubali kosa bila ubishi.

Siku ya upepo msiende, maji yakichafuka hamtaona kitu. Mimi narudi Septemba na wanangu wawili. Miwani yetu nimeshaagiza Dar.