Elimu ni ya nini: wafeministi au waposmodenisti?

Jamani hizi nadharia mbili za elimu, ya wafeministi na ya waposmodenisti, watu wanazichanganya sana, ngoja niziweke kama ninavyoziona huku Tanga. Wafeministi, yaani wanaotetea usawa wa wanawake na wanaume, wanasema shule inarithisha mfumo dume, tena sio lazima iwe kwenye silabasi, ni yale yasiyoandikwa popote. Shule niliyosoma, asubuhi kabla ya kengele sisi wasichana ndo tunashika fagio na ndoo za maji, wavulana wanapandisha bendera, hakuna mwalimu aliyewahi kusema usafi ni kazi ya mwanamke lakini tulishaelewa zamani. Na mpaka Novemba 2021 ukipata mimba shule ya serikali ndo basi tena, hurudi, ndo serikali ikaja kuruhusu.

Waposmodenisti wao wanasema hakuna maelezo mamoja yanayotosha watu wote, jamii ni vipande vipande, kila mtu anajichagulia elimu yake. Mwenzao Lyotard, mwanafalsafa wa Ufaransa, mwaka 1979 alishasema maarifa yanageuka bidhaa, kitu cha kuuzwa na kununuliwa. Mdogo wangu pale Chumbageni kajifunza kupamba keki kwa video za simu, anasubiri bando la usiku, na leo anapokea oda.

Hapo wamepatia, na wako sahihi kwamba msichana wa Raskazone hapa mjini na wa kijijini Mkinga hawafanani. Ila mi nipo na wafeministi, maana huo uchaguzi unataka bando na muda, na anayeosha masufuria mpaka saa nne usiku wakati kaka yake anajisomea, atachagua saa ngapi?