Kompyuta ya Mezani ya Zamani: Ipi Inunuliwe Kwanza?

Anayetafuta kompyuta ya mezani ya miaka ya 1980 hanunui kasi. Ananunua mashine iliyozeeka, na kwa hiyo linalopaswa kuulizwa mapema ni nini ndani yake kimekwisha au kinakaribia kwisha, na kama fundi wa kawaida anaweza kukibadilisha. Nimezipanga mashine nne kwa kipimo hicho, wala si kwa umaarufu wake.

Ninaiweka mbele Apple IIe, iliyouzwa tangu 1983 hadi 1993. Kifuniko chake hufunguka bila bisibisi, chipu zake nyingi zimechomekwa kwenye soketi badala ya kulehemiwa, na ndani mna nafasi 7 za kadi za nyongeza. Sauti yake ni hafifu na rangi zake ni chache. Kapasita ya kuchujia umeme iliyomo kwenye pawa saplai hupasuka kwa uzee na kutoa moshi wenye harufu kali, jambo linalotisha kuliko linavyodhuru, kwa kuwa kuibadilisha ni kazi ndogo.

Commodore 64 ya mwaka 1982 ingeshika nafasi ya kwanza kama si adapta yake. Ina kumbukumbu ya kilobaiti 64, michezo isiyohesabika, na chipu ya sauti iitwayo SID ambayo wanamuziki wangali wanaitafuta. Hata hivyo, adapta ya asili inapochakaa huweza kupitisha umeme uliozidi volti 5 zinazotakiwa na kuunguza chipu za kumbukumbu, tena bila dalili yoyote ya kuonya. Muuzaji anayejisifu kwamba mashine inawaka kwa adapta yake ya asili hajakupa sababu ya kununua. Nunua adapta mpya kabla ya kuiwasha, kisha sikiliza sauti kwa makini, maana SID haitengenezwi tena na Commodore. Uliza pia kama ni ya mfumo wa PAL au NTSC, yaani mifumo miwili tofauti ya mawimbi ya televisheni, kwa sababu baadhi ya programu za mfumo mmoja huyumba katika mwingine.

Amiga 500 ya 1987 inazipita zote mbili kwa picha, na sauti yake ni ya stirio yenye chaneli nne. Fungua kifuniko cha chini utazame kadi ya kumbukumbu: betri ya saa iliyomo huvuja na kula shaba ya bodi.

Macintosh SE/30 ya 1989 ndiyo yenye uwezo mkubwa kuliko zote, kwani inapokea kumbukumbu hadi megabaiti 128, lakini ninaiweka mwisho. Kapasita zake huvuja juu ya bodi, betri yake ikipasuka huiharibu kabisa, na skrini iliyojengewa ndani ina volti za juu zinazoweza kumdhuru asiye fundi. Usiilipie kabla ya kuonyeshwa picha za bodi yenyewe.