Uzoefu wangu: kupanda kwa Mata Vaishno Devi huku nimefunga Navratri

Nianze na hukumu yangu: anayeweza kutembea na aende Vaishno Devi kwa miguu, aende wakati wa Navratri, sikukuu yetu Wahindu ya siku 9, na aende akiwa amefunga. Mawakala wengi wa safari watakushauri kinyume. Watasema Navratri ina msongamano, watakutafutia tiketi ya helikopta, na watakuambia mfungo unaweza kuusogeza mpaka urudi nyumbani kwa sababu uko safarini. Mimi nilipanda na mama yangu na masi yangu, yaani dada wa mama, ambao wote wameshapita miaka 60, na nimerudi Mombasa nikiwa na hakika kwamba mfungo na mlima ni ibada moja. Ukiondoa kimoja, kingine kinapungua.

Kwa wasioijua hija hii: hekalu la Mata Vaishno Devi liko kwenye milima ya Trikuta, juu ya mji wa Katra, katika eneo la Jammu kaskazini mwa India. Kutoka Katra hadi Bhawan, penye pango lenyewe, ni mwendo wa kilomita 13 hivi wa kupanda, na ukifika uko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Ndani ya pango hukuti sanamu iliyochongwa. Kuna mawe matatu ya asili, yanayoitwa pindi, na sisi tunamwona Mama, mungu wetu wa kike, humo kwa sura tatu: Mahakali, Mahalakshmi na Mahasaraswati. Mwaka 2023 walipanda watu zaidi ya milioni 9. Sisi tuliozaliwa kwenye familia za Kipunjabi huku Afrika Mashariki tumelikuta jina lake nyumbani, midomoni mwa bibi zetu, kabla hatujajua Jammu iko upande gani wa ramani.

Sasa mfungo, maana hapo ndipo ninapoulizwa zaidi. Majirani zangu Waislamu huniuliza kila mwaka: mnakula mchana, halafu mnasema mmefunga? Ni swali la haki. Mfungo wetu haufuati jua kama wa Ramadhani, unafuata kilichomo sahanini. Mkristo anayeacha nyama wakati wa Kwaresima ataelewa upesi zaidi. Kwa siku zote 9 tunaacha ngano, mchele, dengu na maharagwe, nyama, mayai, pombe, kitunguu maji na kitunguu saumu. Hata chumvi ya kawaida tunaiweka kando na kutumia chumvi ya mawe, sendha namak. Navratri zilizo kubwa ni mbili kwa mwaka, moja ya Machi au Aprili inayoitwa Chaitra, na nyingine ya Septemba au Oktoba inayoitwa Sharad. Zote mbili huangukia pale majira yanapopokezana: baridi ikiondoka joto likija, na mvua za masika ya India zikiisha hewa ikianza kupoa. Bibi alikuwa akisema mwili wenyewe wakati huo unaomba upumzishwe. Sisi tulikwenda Sharad.

Kila nyumba ina kiwango chake. Wapo wanaokula mlo mmoja tu baada ya jua kutua. Wapo wanaoishi kwa matunda na maziwa. Wapo wanaofunga siku ya kwanza na ya nane pekee, na hakuna anayewacheka. Wachache hawagusi hata maji, na hao nawaomba kwa mapenzi yote wasijaribu kupanda mlima siku hiyo. Mama yangu ni wa mlo mmoja tangu ujana wake, lakini kwa ajili ya njia alikubali matunda na maziwa mchana, na sikuona kama ibada yake ilipungua hata chembe. Mwenye kisukari, mwenye shinikizo la damu au mjamzito aongee na daktari wake kwanza. Mama wa mlimani haombi mtu ajiumize.

Nilidhani kufunga ugenini kutakuwa kugumu. Kumbe Katra ni rahisi kuliko Mombasa. Huku nikifunga, nafunga peke yangu. Wenzangu kazini wanaagiza biriani nami nafungua kikopo changu cha viazi. Katra ni mji usio na nyama wala pombe mwaka mzima, na Navratri ikiingia jiko baada ya jiko linageuka kuwa la mfungo. Unaingia mahali, unasema tu "vrat ka khana", yaani chakula cha mfungo, na chakula kinakuja bila maelezo. Njiani nako, migahawa ya bodi ya hekalu ilikuwa na vyakula vya mfungo, kwa bei ambayo haikutuumiza. Nilikula bajia za viazi zilizochovywa kwenye unga wa kuttu, mtindi, ndizi, na khichdi ya sabudana iliyotiwa karanga, bizari nyembamba na ndimu. Sabudana ni zile punje nyeupe zinazotengenezwa kwa wanga wa muhogo. Nilifurahi sana kuliona hilo: mfungo wa milimani Jammu unaegemea zao ambalo sisi wa Pwani tunalitia nazi na kulila asubuhi. Kuna pia makhana, mbegu za yungiyungi zinazokaangwa mpaka ziumuke kama bisi. Hizo nilijaza mfukoni, na ndizo zilizonifikisha juu.

Onyo moja kuhusu kuttu. Ni mbegu inayosagwa, si nafaka ya jamii ya ngano, ndiyo maana tunaruhusiwa kuila. Lakini unga wake hauvumilii kukaa. Misimu ya Navratri, magazeti ya India huandika habari za watu kulazwa baada ya kula unga wa kuttu ulioharibika. Nunua uliofungwa, angalia tarehe, na ukisikia harufu ya ukakasi acha. Jambo la pili ni chumvi. Watu wengi wakifunga hupunguza chumvi bila kujua, halafu wanapanda mlima, jasho linawatoka, miguu inakakamaa. Maji ya ndimu yenye chumvi ya mawe na sukari kidogo yalituokoa wote watatu.

Njia yenyewe. Unaanza kwa kujiandikisha Katra, bure, unaonyesha kitambulisho (kwetu pasipoti) na unapewa kadi ya kielektroniki ya kuvaa shingoni. Kadi hizo zilianza kutumika mwaka 2022, mwaka uleule uliofunguka kwa msiba: tarehe 1 Januari watu 12 walikufa kwenye msongamano pale juu. Nalisema hili kwa sababu nampendekezea mtu msimu wa watu wengi, na sitaki aende akidhani ni mchezo. Usipande siku ya kwanza ya Navratri, wala siku ya nane, wala mwisho wa juma. Siku za katikati, tatu hadi sita, ndizo zilizo na nafasi. Na ukiona foleni inasukumana, kaa pembeni. Pango halihami.

Kila kituo cha njia ni kipande cha kisa. Kisa chasema Mama, akiwa msichana, alimsaidia maskini mcha Mungu aitwaye Shridhar kuandaa karamu ya kijiji kizima. Bhairon Nath akaja, akataka nyama na pombe, akakataliwa, kisha akamfukuza msichana yule mlimani. Pale Banganga msichana alipiga mshale ardhini yakatoka maji. Charan Paduka aligeuka kutazama nyuma, na nyayo zake zimebaki. Adhkuwari, karibu nusu ya njia, alijificha miezi 9 ndani ya pango jembamba, muda ambao mtoto hukaa tumboni. Nilikuwa nimesikia hayo yote tangu utotoni. Lakini kuyasikia ukiwa umeketi na kuyapita moja moja ukiwa na njaa na goti linauma ni mambo mawili tofauti. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Bhairon anakataliwa nyama na pombe mwanzoni mwa kisa, na kwa nini sisi tunaviacha kabla ya kuanza kupanda. Tunapanda tukiwa upande wa karamu ya Shridhar.

Foleni ya pango la Adhkuwari hupangwa kwa namba za makundi, na wakati wa Navratri unaweza kungoja saa nyingi sana. Sisi tulichukua namba, tukaendelea juu, tukapanga kurudi. Ni uamuzi ninaoupendekeza. Kutoka hapo njia zinagawanyika. Ile ya zamani inapitia mwinuko mkali uitwao Hathi Matha, na ile mpya ya Himkoti ni ya taratibu, haina farasi, na ina magari madogo ya betri kwa wazee na wagonjwa. Masi alipanda gari hilo. Mama yangu alikataa. Kuna pia njia ya Tarakote, iliyofunguliwa mwaka 2018, inayokutoa chini hadi Adhkuwari bila farasi hata mmoja. Ni pana, safi, na ina chakula cha bure kinachotolewa kwa kila apitaye. Kama una pumu, au hupendi harufu ya zizi, ipite hiyo.

Kuhusu farasi na machela: sikutumia, lakini sina neno baya kwa anayetumia. Wengi wa wenye farasi na wapagazi ni Waislamu wa maeneo ya jirani, na wao ndio wanaowafikisha Wahindu wazee kwa Mama mwaka baada ya mwaka. Mmoja alimwona mama yangu amesimama akihema. Akashuka kando ya farasi wake, akamwambia, "Mataji, si lazima upande kwangu. Kaa kwanza, unywe maji." Akasema "Jai Mata Di", yaani ushindi kwa Mama, akaenda zake. Maneno hayo ndiyo salamu ya njia nzima. Mtu mmoja anaita "Zor se bolo!", yaani semeni kwa nguvu, na mlima mzima unajibu "Jai Mata Di!" Watoto wanaita, mabibi wanaita, na mtu aliyekuwa karibu kukata tamaa anainuka.

Bhawan wakati wa Navratri hupambwa kwa maua kuanzia lango mpaka vibaraza, na yagya ya Shatchandi, ibada ya moto, hufanywa siku zote za sikukuu. Simu, mkanda wa ngozi na pochi vinabaki kwenye makabati. Wakati wa wingi wa watu hupiti pango la kale. Unapita mahandaki, ambayo yalianza kutumika mwaka 1977 ili foleni iweze kusonga. Darshan yenyewe, yaani kumwona Mama, ni sekunde chache. Pandit, yaani kuhani, anakuonyesha pindi tatu kwa mkono, unainamisha kichwa, maji ya baridi yanapita karibu na miguu yako, na mlinzi anakuomba usogee. Wapo wanaolalamika: saa nyingi za kupanda kwa sekunde hizo? Mimi nasema hesabu hiyo imeanza mahali pasipofaa. Mama yangu alianza darshan yake siku mfungo ulipoanza, alipoweka chungu cha shayiri na kuwasha taa chumbani mwetu. Aliyeshuka kwa helikopta Sanjichhat asubuhi na kula chapati zake kama kawaida atapata sekunde zilezile, na Mama hambagui. Ila sisi tulifika pale tukiwa tumeshakuwa naye siku kadhaa.

Hija haikamiliki bila Bhairon, kilomita kama moja na nusu juu zaidi. Yule aliyemfukuza Mama alikatwa kichwa, akatubu, na Mama akampa ahadi kwamba kila atakayemwona Mama atakwenda pia kwa Bhairon. Tulipanda kwa gari la kamba la angani, lililofunguliwa Desemba 2018, linalokufikisha kwa dakika chache. Usiiruke sehemu hii kwa uchovu. Msamaha uko huko juu.

Nikitoa alama: njia, maji, vyoo na usafi wa Bhawan, 5 kati ya 5. Chakula cha mfungo, 5. Utaratibu wa foleni, 4, kwa sababu wazee wanahitaji mahali zaidi pa kukaa wakingoja. Malazi Katra, 2, na hiyo ni nyumba moja ya wageni ambayo sitaitaja. Walituahidi jiko la mfungo, wakaleta viazi vyenye chumvi ya kawaida na kitunguu, na walipoulizwa wakasema tuvichague pembeni. Kwa aliyefunga hilo si jambo dogo. Uliza jikoni, usiulize mapokezi, na onja kwanza.

Mfungo tuliufungua Katra siku ya tisa kwa kanya pujan: tuliwaosha miguu wasichana wadogo wa mtaa tuliofikia, tukawapa halwa, puri na dengu nyeusi, kisha tukala baada yao.

Kwa atakayetoka Kenya au Tanzania: viza ya India inaombwa mtandaoni. Kutoka Delhi panda treni ya Vande Bharat, saa 8 hivi mpaka Katra, na weka nafasi mapema sana kwa msimu huu. Laini ya simu ya malipo ya kabla uliyonunua Delhi haitashika mtandao Jammu, kwa hiyo kubalianeni mapema pa kukutana mkipoteana. Soma tahadhari za usalama za eneo hilo kabla hujalipa chochote. Epuka Julai na Agosti, kwani Agosti 2025 maporomoko ya udongo karibu na Adhkuwari yaliua watu zaidi ya 30 na hija ikafungwa kwa wiki kadhaa. Viatu viwe vya zamani vilivyokwisha kukaa mguuni, visiwe vya ngozi, na mwenye magoti mabovu achukue fimbo kwa ajili ya kushuka.