Miezi mitano na boksi la Android kwenye TV yetu ya zamani

Nilinunua boksi la Android kwa sababu wanangu walikuwa wameshaacha TV kabisa. Mmoja na simu chumbani, mwingine na simu uani, na flati yetu ya inchi 32 imekaa sebuleni inapigwa vumbi. Mume wangu akataka tuiuze. Nikamwambia kioo hakina kosa, tubadilishe kinachoingia humo.

Boksi lenyewe linaenea kiganjani. Unachomeka waya wa HDMI nyuma ya TV, unaliunga na intaneti, basi: YouTube, filamu, masomo ya watoto, vyote viko kwenye kioo kikubwa. Mwenye TV ya chogo asikate tamaa, yapo maboksi yenye tundu la waya wa AV, ule wa vichwa vitatu vya rangi. Maandishi madogo hayatasomeka vizuri, lakini picha utaiona.

Kilichonishtua ni bando. Wiki ya kwanza nilitumia hotspoti ya simu, na GB 10 nilizotegemea zifike Jumapili zikaisha Jumanne jioni. Netflix wenyewe wanaeleza kwamba picha ya kawaida inakula hadi GB 1 kwa saa, na ya HD hadi GB 3. Kwenye simu hatukuwahi kufika huko. Boksi halijui kama bando ni la kupimiwa. Intaneti ikiwa na kasi, linajipandishia ubora wa picha lenyewe. Siku hizi nikifungua video YouTube nashusha kwanza hadi 480. Kwa inchi 32, ukiwa umekaa kwenye kochi, inatosha kabisa. Tulipoingiza intaneti ya faiba ya malipo ya mwezi ndipo nikapumua.

Kwa mpira, hapana. Siku ya Simba na Yanga tuliangalia kwa programu ya kulipia. Jirani ana dishi. Tukasikia kwake kelele za goli, na kwetu mpira bado unachezwa katikati ya uwanja! Nilipima kwa saa ya simu mechi iliyofuata, tulikuwa nyuma karibu sekunde 40. Sababu inaeleweka: picha ya mtandaoni hukatwa vipandevipande, na kifaa chako hujiwekea akiba ya vipande kadhaa kabla ya kuanza kuonyesha, ili isikwamekwame. Kuelewa hakukunisaidia. Furaha ya goli ilikuwa imeshaondoka.

Halafu kuna mama mkwe, ninayekaa naye. Amekulia Unguja, ambako televisheni ya rangi ilifika mapema miaka ya 1970, wakati sisi wa Bara tulisubiri mpaka 1994. Nilimfundisha rimoti ya boksi siku tatu na akaiweza, hilo si tatizo. Siku moja akaniambia, "Mwanangu, mimi sitaki kutafuta. Nataka niwashe nikute." Nililifikiria sana neno hilo. Saa mbili usiku taarifa ya habari ipo, haijauliza unataka nini. Kwenye boksi kila jioni lazima mtu achague, na nyumbani kwetu kuchagua kulikuwa kunachukua nusu saa na kuzaa ugomvi wa watoto.

Kwa hiyo king'amuzi cha anteni nimekirudisha kwenye TV. Kifurushi kikiisha, chaneli za bure za nyumbani bado zinaonekana, na mama anapata habari zake. Cha kulipia tunalipia ligi ikianza.

Ukiniuliza kama ununue boksi: kama una intaneti isiyopimwa na watoto wa shule, nunua bila kusita. Kama unategemea bando la simu, au mpira ndio roho yako, hela hiyo lipia king'amuzi. Na TV usiuze. Wanangu wamerudi sebuleni. Jana walikaa na bibi yao wakiangalia namna pweza anavyobadilisha rangi, na bibi akawaeleza anavyovuliwa maji yakitoka.