Gurnah: uanze na By the Sea au Gravel Heart?

Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021, ameandika mengi kuhusu waliohama kwao. Wanaoniuliza waanzie wapi huwatajia riwaya mbili.

By the Sea (2001) inamfuata Saleh Omar, mzee anayetua uwanja wa ndege wa Gatwick, Uingereza, na pasipoti yenye jina la mtu mwingine. Afisa wa uhamiaji anamnyang'anya kijisanduku chake cha udi. Ni tukio dogo, lakini linauma: harufu ya maisha yake yote inaishia mlangoni. Baadaye anakutana na Latif, mtoto wa mwenye jina lile, na ugomvi wa zamani wa nyumba na mali unafumuka upya Uingereza.

Gravel Heart (2017) ni ya Salim, kijana anayepelekwa London kwa mjomba wake. Hapa siri imo ndani ya familia: baba amehama nyumbani, na mama anampelekea chakula kila siku bila kueleza kwa nini.

Kwa usanii, By the Sea imeizidi mwenzake. Hata hivyo, msomaji mgeni ningempa Gravel Heart. Masimulizi yake yamenyooka zaidi, na fumbo la baba halikuachii.