Yai Halisubiri: Branchi kwenye Mkahawa wa Mtaani

Mkahawa mdogo wa mtaani, wenye meza kumi na mbili hivi na dirisha la kutolea chakula, una kitu kimoja ambacho hoteli kubwa haiwezi kukinunua: hatua chache kati ya kikaango na meza yako. Kwa mlo wa jioni hilo si jambo kubwa. Nyama ya mchuzi inaweza kukaa jikoni nusu saa na isidhurike. Branchi, mlo wa kati ya asubuhi na mchana, ni mayai, mkate wa kuchoma, pankeki na kahawa, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachokaa dakika kumi kikabaki kilivyokuwa. Ndiyo maana tathmini hii inaanzia jikoni, na ndiyo maana mhudumu anahesabiwa humu kama sehemu ya mapishi.

Jina lenyewe ni la Kiingereza, maneno mawili ya staftahi na chakula cha mchana yaliyobanwa kuwa moja. Mwandishi Guy Beringer aliutetea mlo huo kwenye makala yake ya mwaka 1895 kule Uingereza, akitaka Jumapili watu waanze kula kama saa sita mchana ili waliokesha Jumamosi wapate nafuu. Tangu hapo tabia ya mteja haijabadilika sana: amechelewa kuamka, ana njaa ya milo miwili, na anaingia saa ile ile wanayoingia wenzake wote.

Kwa hiyo saa ya kufika ina uzito kuliko menyu. Muda mzuri ni nusu saa baada ya mlango kufunguliwa. Vikaango vimeshashika moto sawasawa, kinu cha kahawa kimesharekebishwa, na mpishi bado anapika oda moja moja. Kati ya saa tano na nusu na saa saba karatasi za oda zinapangana kumi kumi, na hapo ndipo unapojua jiko lina mpango au linakimbizana tu. Saa ya mwisho kabla ya kufunga si mbaya kwa nafasi, ila unakula vilivyochanganywa asubuhi, na tutaona kwa nini hilo ni tatizo.

Kwa kupima jiko, agiza yai lililopikwa ndani ya maji bila ganda. Tuliite yai la majini. Maji yake yanatakiwa yakaribie kuchemka bila kuchemka, kama nyuzi 80 hadi 85, vipovu vidogo viking'ang'ania chini ya sufuria. Yai linakaa humo dakika tatu au tatu na nusu. Maji yakichemka kwa fujo, ute unachanika na kuwa nyuzinyuzi. Yai likiwa la siku nyingi utapata nyuzinyuzi hizo hizo hata maji yakitulia, kwa sababu ute wake umekuwa mwepesi na haushikamani tena na kiini. Mpishi anayeijua kazi hulipasua kwanza juu ya chujio la waya: ute mwepesi unadondoka, mzito unabaki umekumbatia kiini, kisha ndipo linateleza majini. Siki kidogo kwenye maji inasaidia ute kuganda haraka. Ukiusikia uchachu kwenye yai lenyewe, aliyemimina alimimina kwa hofu.

Mikahawa mingi huyapika mayai haya mapema, huyatoa yakiwa hayajaiva kabisa, huyatumbukiza kwenye maji ya barafu na kuyaweka kwenye friji. Oda ikiingia, yai linarudishwa kwenye maji ya moto kwa dakika moja hivi. Huo si udanganyifu. Bila hivyo mpishi mmoja hawezi kulisha watu arobaini. Kasoro za njia hii ni mbili na zote zinaonekana. Kiini kinatiririka lakini katikati ni cha baridi: limetolewa majini kabla ya wakati. Mkate umelowa chini ya yai: halikulazwa juu ya kitambaa sekunde chache likajikausha kabla ya kupanda sahani. Hii ya pili ndiyo inayoudhi zaidi, maana dawa yake ni kitambaa tu.

Likija na sosi ya holandezi, itazame kwanza. Ni viini vya mayai vilivyopigwa juu ya mvuke, limau, na siagi iliyoyeyushwa ambayo mwanzoni huingia tone kwa tone. Viini vitatu vinabeba siagi gramu 200 hadi 250. Inatakiwa ing'ae na ianguke kutoka kwenye kijiko kama utepe mzito. Ukiona punje punje, viini vimezidishiwa moto, vimepita nyuzi 70 au zaidi na vimeanza kuwa mayai ya kuvuruga. Ukiona mafuta yamejitenga pembeni, siagi ilimiminwa kwa haraka au sosi ilipoa ikapashwa vibaya. Ya mafuta inaokoleka: chukua kiini kipya na kijiko cha maji ya uvuguvugu, rudishia sosi iliyokatika kidogo kidogo huku unapiga. Ya punje ni ya kumwaga, na ikiletwa mezani ni halali yako kuirudisha.

Shida ya sosi hii ni kwamba inaishi kwenye uvuguvugu, na bakteria nao wanapenda uvuguvugu. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula cha moto kikae juu ya nyuzi 60 na kilichopikwa kisiachwe kwenye joto la chumba kupita muda wa saa mbili. Jiko makini halipigi ndoo moja ya mchana kutwa. Linapiga bakuli dogo, likiisha linapiga jingine. Muulize mhudumu kwa upole sosi ya sasa imepigwa saa ngapi. Anayejibu bila kwenda kuuliza amejipatia alama. Mjamzito, mzee na mtoto mdogo waiache, na yai lao liombwe la kiini kilichoganda, kwa sababu ya salmonela, bakteria wa mayai mabichi wanaoleta ugonjwa wa tumbo.

Mayai ya kuvuruga ndipo mkahawa wa mtaani unapoibwaga bufee, ile meza ya kujipakulia, waziwazi. Yanaondolewa motoni yakiwa bado yana unyevu, kwa kuwa joto lililomo linaendelea kuyapika hadi yafike mezani. Ndani ya chombo cha bufee chenye moto chini, upishi huo haukomi. Baada ya muda yanakaza, yanatoa maji, na yakikaa zaidi yanapata rangi ya kijani-kijivu, ambayo ni salfa ya ute imekutana na chuma cha kiini. Hayana sumu. Ni ushahidi tu wa saa ngapi yamekaa pale. Kwa mkahawa wa kuagiza, kosa la kawaida ni jingine: sahani imesubiri dirishani mpaka mwenzake wa meza moja apikiwe. Juu kumekauka, chini kuna dimbwi la maji.

Pankeki zina hesabu yake. Rojo lichanganywe mpaka unga ulowe tu, mabonge madogo yaachwe. Likipigwa mpaka likawa laini kabisa, gluteni, protini ya ngano, inakaza na pankeki inavutika kama mpira. Beking pauda inaanza kutoa gesi ikilowa na humalizia ikipata moto, hivyo rojo la saa tatu asubuhi likifika saa saba mchana limeshapoteza sehemu kubwa ya pumzi yake. Ndiyo hizo pankeki za saa ya mwisho, nyembamba, nzito. Bati la kupikia likiwa kwenye nyuzi 190 hivi, vitundu vya pembeni vinatoboka na kubaki wazi. Hapo inageuzwa, mara moja tu. Ukikata katikati ukakuta ubichi ilhali juu kumeiva hudhurungi, bati lilikuwa la moto kupita kiasi. Na pankeki tatu zilizobebana zinapikana kwa mvuke wake zenyewe, kwa hiyo ya chini ndiyo ya kuonja kwanza.

Viazi vya kukaanga havihitaji maneno mengi: vichemshwe kidogo kwanza, vikaushwe, ndipo viingie mafutani. Vikiwa vyeusi nje na vigumu ndani, hatua ya kwanza imerukwa. Mkate wa kuchoma uletwe mwisho, umesimamishwa au umetandazwa, maana ukilazwa mmoja juu ya mwingine unalainika kwa mvuke. Siagi iwe imetolewa kwenye friji mapema. Siagi ngumu huchana mkate, na inashangaza ni sehemu ngapi zenye mayai safi zinashindwa hapo.

Kahawa ndiyo inayofika ya kwanza na kuondoka ya mwisho, kwa hiyo ina nafasi mbili za kuharibu mlo. Espreso, kahawa nzito ya kukamuliwa kwa mashine, ya kikombe cha mara mbili kwa kawaida ni gramu 18 za unga zinazotoa gramu 36 hivi za kinywaji katika sekunde 25 hadi 30. Ikitoka kwa sekunde 15 itakuwa chachu na nyepesi. Ikiburuta hadi 45 itakuwa chungu. Maziwa yapashwe hadi nyuzi 60 au 65. Yakivuka 70, utamu wake unapungua na yanaanza kunukia maziwa yaliyochemka, povu nalo linakuwa mapovu makubwa ya sabuni. Kahawa ya kuchuja ni gramu 60 kwa lita, na kosa lake halimo kwenye kipimo bali kwenye jagi la kioo linaloachwa juu ya bamba la moto: baada ya nusu saa unakunywa uchungu mtupu. Mkahawa unaotumia chupa ya chai kuhifadhi kahawa ya kuchuja, hata kama haipendezi machoni, umefanya uamuzi sahihi.

Sasa mhudumu. Ukarimu wa tabasamu upo mahali pengi, na tunaupenda. Huduma ya branchi inapimwa kwa hesabu. Chukua meza ya watu sita, wote wanataka kimanda. Jiko lina vikaango viwili vya kimanda, na kila kimoja kinachukua dakika tatu tangu siagi iingie hadi kikunjwe. Hiyo ni mizunguko mitatu, dakika tisa. Vimanda viwili vya mwisho vikitoka, viwili vya kwanza vina umri wa dakika sita. Mhudumu wa kawaida huandika sita, hugeuka na kwenda. Aliyekomaa husema pale pale mezani kwamba vitatoka viwili viwili, au wawili wachukue mayai ya majini, ambayo sufuria pana inapika sita kwa pamoja. Sentensi hiyo moja, kabla oda haijaingia jikoni, ina thamani kuliko kuomba radhi mara nne baadaye.

Mwendo mzuri unakuwa hivi: salamu ndani ya dakika moja hata kama ni ya kuinua mkono kutoka mbali, maji na menyu pamoja, oda ya vinywaji kabla ya ya chakula, vinywaji mezani ndani ya dakika tano hadi saba, chakula ndani ya ishirini. Ikipita ishirini bila mtu kuja kusema neno, tatizo limehama jikoni na kuwa la ukumbini. Baada ya sahani kutua, arudi mara moja, mteja akishaonja vijiko viwili vitatu. Akirudi mapema hakuna cha kumwambia. Akirudi mwisho, yai lenye kasoro limeshaliwa kwa hasira.

Kuna na kazi isiyotajwa, ya kusafisha njia. Meza ya watu wawili yenye upana wa sentimita 60 haibebi sahani mbili za sentimita 27, vikombe viwili, glasi mbili, kikapu cha mkate na vibakuli vya jemu. Mhudumu anayekuja na sahani moto mkono mmoja huku mteja akihangaika kusogeza vitu amekosea dakika tano zilizopita, alipopita pale mikono mitupu.

Kuhusu mzio, usikubali jibu la "nadhani hakuna". Mayai, maziwa na ngano viko karibu katika kila kitu cha branchi, na hata yai lisilo na maziwa linaweza kukaangwa juu ya bati lile lile la pankeki. Jibu linalofaa ni kwamba mhudumu anaandika kwenye karatasi ya oda, anaenda kuuliza mpishi, na anarudi kukueleza kikaango gani kitatumika. Ikichukua dakika tatu zaidi, ni dakika tatu halali.

Bili iletwe ikiombwa, isije yenyewe na kahawa ya pili. Foleni ikiwa mlangoni, ni uungwana mhudumu kukuarifu mapema kwamba meza ina mgeni saa fulani, wakati wa kuketi, na si kwa kuanza kufuta pembe ya meza ukiwa bado unatafuna. Ukitaka kubeba mabaki, viazi vitafungwa, pankeki zitafungwa. Yai la majini halifungiki, na anayehudumu kwa uaminifu atakuambia hivyo kabla hajaenda kuchukua boksi.