Picha ilionyesha amelala, kumbe mwanangu analia

Nilikuja hapa nikiwa na nia ya kuipa kamera hii ya kumwangalia mtoto nyota tatu. Inaona vizuri gizani, sauti yake haikwaruzi, na hayo siwezi kuyakana. Lakini nikikumbuka usiku ule mkono unakuwa mzito, kwa hiyo niacheni nieleze kwanza, nyota zitafuata.

Mwanangu alikuwa amepita nusu mwaka, ndiyo kwanza tunaanza kumzoesha chumba chake. Kamera ni hizi za waifai, picha inakuja kwenye simu kupitia programu yao. Siku hiyo nilikuwa sebuleni nakunja nguo zake, simu nimeiegemeza kwenye mto mbele yangu. Nakunja mbili tatu, nainua macho. Amelala chali, kiganja cha kushoto kiko shavuni, mdomo wazi kidogo. Nikafurahi, nikasema moyoni leo mtoto kapata usingizi mzuri. Nikakunja kikapu kizima. Nikitazama, kiganja kiko palepale shavuni.

Mama yangu, ambaye alikuwa amekuja kunisaidia malezi, akatoka chooni na kusimama mlangoni. "We mwanangu, husikii mtoto analia?"

Nikamwonyesha simu. Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo. Badala ya kuinuka, nilimnyooshea mama skrini nikamwambia, "Amelala mama, huyu hapa." Hakuitazama hata kidogo, alishafika chumbani. Tulimkuta amekaukiwa sauti, kola imelowa machozi, kwikwi imemshika hata titi hawezi kulishika. Alilia kwa muda gani, siwezi kusema. Muda wa kikapu kizima cha nguo.

Picha ilikuwa imeganda. Ruta ilizima kidogo ikawaka, kamera ikapoteza mtandao, na programu ikabaki imeshikilia picha ya mwisho. Haikulia, haikuandika onyo lolote.

Mtandao kukatika silaumu. Kamera nyingi za namna hii hutumia mawimbi ya gigahazi 2.4, masafa yanayotumiwa pia na bluetuthi na oveni za maikrowevu, kwa hiyo kuingiliana kupo na kila mtu anajua intaneti haina ahadi. Ninacholaumu ni kunyamaza. Kifaa cha kumsikilizia mtoto kikiziba masikio ni lazima kipige kelele kwamba sisikii tena, nenda kaangalie. Kikinyamaza, mzazi anadhani ni utulivu.

Asubuhi nikapiga simu huduma kwa wateja. Kijana aliyepokea akaniuliza kama nimezima ruta na kuiwasha upya. Nikamwambia ruta ni nzima. Akasema, "Dada, kifaa chetu hakina tatizo, tatizo ni intaneti yako." Nikamwambia sikuulizi kwa nini mtandao ulikatika, nakuuliza kwa nini hamkunijulisha kwamba umekatika. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema: "Lakini dada, kwani huwezi kwenda kumwangalia mtoto mwenyewe?"

Nilikata simu. Sikuwa na jibu kwa sababu koo lilikuwa limenikaba, lakini siku nzima nilikuwa namjibu huku naosha vyombo. Naenda! Naenda usiku wa manane, naenda na usingizi machoni, naenda hata akikohoa tu. Kamera niliinunua ili inijulishe wakati wa kwenda, nayo ndiyo iliyonizuia. Angeniambia pole tu, neno moja, huenda zile nyota tatu zingebaki.

Kabla hamjachagua yoyote, fanyeni jaribio ambalo mimi sikulifanya. Washeni kamera, kisha zimeni ruta makusudi, mhesabu sekunde mpaka simu iwaonye. Isipowaonya, irudisheni siku hiyohiyo. Na saa ikiwa inaonekana pembeni ya picha, itazameni hiyo kabla ya kumtazama mtoto. Jambo jingine, maana hili linaua: waya wa kamera uwe umbali wa mita 1 au zaidi kutoka kitandani, wapo watoto waliowahi kunyongwa na nyaya hizi.

Rafiki yangu alinishauri ile soksi ya kupima mapigo ya moyo na oksijeni. Nimekataa. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani chenyewe kinashauri wazazi wasitegemee vifaa vya aina hiyo kuzuia kifo cha ghafla cha usingizini, na mimi sitaki kitu kingine cha kuniambia yuko salama.

Badala ya kamera tumechukua kifaa cha sauti tu, kinachotumia mawimbi ya redio, hakihitaji intaneti wala simu. Mtoto akilia, taa zinapanda. Siku ya kwanza nilitoka na kipokezi mkononi, nikatembea nikiuacha mlango wa nyumba nyuma yangu, nikazidi kutembea mpaka kikaanza kulia bipu, bipu, kwamba kimepoteza mawasiliano. Nilisimama pale nikatokwa na machozi.

Mume wangu bado anaifungua kamera akiwa kazini, anapenda kumwona mtoto akicheza mchana, na kwa hilo inafaa, sibishi. Mimi nimeifuta kwenye simu yangu. Nyota tatu nilizokuja nazo sizioni tena. Naweka moja.